Kidole Kikubwa cha Mguu wa Udongo

Utomvu wa mgomba hautoki. Kila mtoto wa kike wa Buhaya hujua hivyo kabla hajajua kusoma. Ukikata mkungu ukiwa na gauni jipya, gauni hilo limekwisha kuwa la shamba. Utalifua kwa sabuni, utalisugua kwa majivu, utalianika juani siku tatu, na doa litabaki pale pale, jeusi, likikutazama mpaka gauni lenyewe lichakae. Nilijua hivyo, na ndiyo maana niliutumia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka chuo cha ualimu, nangoja kupangiwa shule, na nilitaka sana kuandika kitu kisichofutika.

Siku hizi ninaishi Rwamishenye, nje kidogo ya mji wa Bukoba, chumba kimoja nyuma ya duka la chumvi na mafuta ya taa, na ninaandika riwaya ambazo bado hazijapata wa kuzichapa. Wenzangu wanaopenda vitabu hunitembelea jioni, wanakaa juu ya kitanda na juu ya sanduku, wanabishana juu ya Uhuru. Waingereza wataondoka lini? Nani atakikalia kiti chao? Wanasema kwa moto ule ule niliokuwa nao. Mimi huwamiminia chai na kunyamaza, nao hudhani nimechoshwa na watoto wa darasa la pili. Nimechoka, ni kweli. Lakini uchovu huu sikuuanza mimi. Nilimkuta nao baba yangu.

Baba, ambaye kwetu tunamwita Tata, alikuwa mwalimu wa kanisa la Kilutheri huko Kishanda, upande wa Muleba. Hakuwa mchungaji. Alikuwa mtu wa kupiga ngoma ya ibada, kufundisha watoto wa kipaimara, na kubatiza na kuzika pale mchungaji aliposhindwa kufika kwa sababu ya mvua. Watu walimjua kwa kitu kimoja. Alikuwa na lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutoma, kirefu kuliko mtu, na juu yake amechora ile sanamu aliyoiota mfalme wa Babeli: kichwa cha dhahabu, kifua cha fedha, tumbo la shaba, miguu ya chuma, na nyayo nusu chuma nusu udongo. Pembeni aliuchora mlima, na jiwe linalochomoka mlimani bila kuguswa na mkono wa mtu, linakuja kuzipiga nyayo ili sanamu yote iwe makapi.

Tata aliifundisha kama historia ya falme. Kichwa ni Babeli, kifua ni Wamedi na Waajemi, tumbo ni Wayunani, miguu ni Warumi. Nyayo ni zama hizi tulizomo, falme zilizogawanyika, zinazojaribu kuungana na haziungani, kama chuma na udongo. Alisimama na fimbo yake, akishuka polepole kutoka utosini kwenda chini, na kanisa zima lilishuka naye, wazee waliokuwa hawajawahi kuvuka ziwa wakitembea na majeshi ya Uajemi.

Rangi zote zilikuwa za nyumbani. Dhahabu ilikuwa manjano ya mchuzi kutoka duka la Mhindi mjini Bukoba. Fedha ilikuwa ile karatasi ing'aayo ya ndani ya makasha ya chai. Shaba ilikuwa udongo mwekundu wa barabarani, chuma kilikuwa masizi ya chungu cha Mae, mama yangu, na udongo ulikuwa udongo. Dhahabu ndiyo iliyofifia kwanza, kila mwaka. Masizi yalidumu.

Lakini nyayo ndizo zilizomsumbua. Alipokuwa kijana, siku za Wadachi, yaani Wajerumani, aliwaandika Wadachi katika wayo wa kulia, upande wa chuma, kwa kuwa alikuwa amekiona chuma chao. Ikaja vita, Wadachi wakaondoka, akakwangua. Akaandika Waingereza. Ikaja vita ya pili, na wale wamisionari Wajerumani waliomfundisha hii sanamu yenyewe wakachukuliwa na serikali, wakapanda gari na mabegi yao, mmoja wao akimkabidhi Tata ufunguo wa kabati la kanisa. Katika wayo wa kushoto aliwaandika Wataliano, akawakwangua. Aliwaandika Wajapani, akawakwangua. Lubugo pale chini likawa jembamba hata ukilishika mbele ya dirisha mwanga unapita.

Siku moja nilipokuwa mdogo nilimwuliza kama nabii alikosea.

"Nabii hakosei," alisema. "Anayepaka rangi ndiye hukosea."

Niliporudi kutoka chuoni nilimkuta amezeeka mikono. Alinipa brashi, ambayo ilikuwa kipande cha bua la mgomba kilichopondwa mwishoni, akasema, "Paka wewe mwaka huu. Nyayo ziimarishe kidogo. Vidole viache vitupu. Vidole Mungu atavijaza mwenyewe."

Hapo ndipo nilipomwasi. Chuoni nilikuwa nimesoma historia ya falme kwa mpangilio, ramani na yote, na usiku na mchana swali moja lilinichoma: kwa nini Babeli iwe na jina ukutani mwetu, na sisi tusiwe nalo? Kama nyayo ni zama hizi, basi sisi nasi tumo, hatukuanguka kutoka mwezini. Vidole ni kumi. Wafalme wetu wa Buhaya, Bakama, hawafiki kumi, kwa hiyo nikawaazima wawili wa ng'ambo ya mto Kagera. Nikaandika nchi moja kwa kila kidole, nikifuata ramani kutoka kaskazini kuja kusini, kama tulivyofundishwa. Nilianzia kidole kikubwa cha mguu wa kulia na wale wa ng'ambo, na sisi, tulio kusini, tukaangukia kidole kidogo cha mguu wa kushoto. Sikufikiri zaidi ya hapo. Ilikuwa jiografia tu.

Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kuona udongo ukibanduka kila mwaka, niliuchanganya na utomvu wa mgomba, na majina nikayaandika kwa utomvu mtupu. Niliyaangalia yakikauka na kuwa meusi. Sijawahi kujisikia mwandishi kama siku ile.

Nililitundika lubugo mapema Jumapili, kabla Tata hajafika, nikitaka kumshangaza. Alishuka na fimbo yake: Babeli, Uajemi, Uyunani, Rumi. Alipofika kwenye nyayo fimbo ikasimama. Alisoma. Nilimwona akisoma, kidole kwa kidole. Kisha akasema, "Na nyayo mnazijua," akatangaza wimbo.

Haikusaidia kitu. Watu wa kipaimara wanajua kusoma, yeye ndiye aliyewafundisha. Baada ya ibada walijaa mbele kama kuku penye mtama. Mama mmoja mnene, anayejulikana kwa sauti yake kwaya nzima, alisema, "Ee! Mbona sisi wa mwisho? Hata wa ng'ambo wametutangulia!"

"Wa mwisho watakuwa wa kwanza," mwanamume mmoja akamjibu.

"Si kwenye mguu, bwana. Kwenye mguu wa mwisho ndiye anayejikwaa kwenye kisiki."

Wakacheka mpaka nje. Tata hakucheka. Walipokwisha kutoka alichovya kidole gumba kwenye maji ya ubatizo, akasugua jina letu. Akasugua tena.

"Umeandika kwa kitu gani?"

"Kwa utomvu, Tata."

Akakaa kwenye benchi la wanawake, lililokuwa karibu. "Sawa," alisema. "Sawa, mwanangu."

Nieleze kwa nini jambo la kidole lilikuwa jambo. Shamba letu, kibanja chetu cha migomba na kahawa, hakikuwa chetu. Kilikuwa nyarubanja, maana yake ardhi iliyogawiwa mkubwa fulani tangu zamani pamoja na watu waliomo, nasi tulikaa kwa hisani yake na kumpelekea sehemu ya mavuno kila mwaka. Mkubwa wetu alikuwa mulangira, mtu wa ukoo wa kifalme, mzee mrefu mwenye miwani, aliyesoma kidogo na kusahau kidogo kuliko wengi. Hakuwa mtu mbaya. Lakini kibanja kizuri kilichofunikwa nyasi vizuri hakikosi wanaokitamani, na wao walikuwa wakimwamkia kila asubuhi. Katika kibanja kile amezikwa babu yangu. Wamezikwa pia ndugu zangu wawili waliokufa kabla sijazaliwa, chini ya migomba miwili ambayo Mae hajawahi kuniambia ni ipi, ila niliona kwamba penye migomba miwili ya katikati nyasi huwa nene zaidi.

Jumanne mjumbe wa mulangira alikuja akiendesha baiskeli. Alikataa kuketi.

"Mwalimu, mkubwa anauliza yeye ni kidole gani."

Tata alimjibu kwamba majina yale ni ya nchi, si ya watu.

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema nchi ina mwenyewe." Alijikuna shingo, kwa aibu nadhani, Tata ndiye aliyembatizia watoto. "Atakuja kanisani Jumapili kuona kwa macho. Anataka nyumba yao iwe kidole kikubwa, cha kulia. Isipokuwa hivyo, amesema baada ya msimu wa senene kibanja hiki atakilima mwingine. Ndivyo alivyosema. Mimi ni mdomo tu."

Akaondoka, na kengele ya baiskeli yake ililia yenyewe kila alipopita kwenye jiwe.

Mae alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha kumenyea ndizi.

"Nyinyi na Babeli yenu," alisema. "Wenzako wakipata kalamu wanaandika barua za wachumba. Wewe umeandika wafalme kwenye vidole."

"Mae, ni unabii."

"Nani kakataa? Unabii ni wenu wawili. Migomba ni yangu." Kisha akamgeukia Tata na sauti ikawa nyingine kabisa. "Baba wa watoto, mimi hapa sihami. Umesikia? Unajua nina nani mle."

"Ninajua," Tata alisema.

Nilimwambia akatae. Nilisema mengi, ninayakumbuka yote na ninayaonea haya: kwamba nabii mwenyewe alikuwa mateka na hakumwogopa mfalme, kwamba akibadilisha kidole kwa hofu basi sanamu nzima ni uongo. Aliniacha nimalize. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Nimebadilisha mara nyingi sana. Kila mara nilidhani ni kwa sababu nimeelewa zaidi. Sasa wewe unaniuliza, na mimi najiuliza, mara zile nyingine ilikuwa nini."

Alhamisi tulipanda lori la kahawa kwenda Bukoba kutafuta manjano. Kama mkubwa anakuja, Tata alisema, angalau dhahabu iwe dhahabu. Tulikaa juu ya magunia, na ziwa likaonekana upande wa kulia, likapotea, likaonekana. Tulilala Buhembe kwa shangazi yangu, na asubuhi tukashuka mjini kwa miguu.

Mwenye duka alikuwa Mhindi mzee aliyezaliwa pale pale Bukoba na kukijua Kihaya cha kupatana bei kuliko mimi. Alipomwona Tata alichota manjano bila kuulizwa.

"Mwalimu, Babeli tena? Mwaka jana ulinunua."

"Imefifia."

"Mke wangu anasema mtu huyu anakula mchuzi gani? Nikamwambia, hayali, anampaka mfalme." Alicheka, kisha akamtazama vizuri. "Umekonda. Kuna nini?"

Tata alimweleza. Kwa nini alimweleza yeye, ambaye hakuwa Mkristo wala Mhaya, sijui. Labda kwa hiyo hiyo. Mzee alisikiliza akifunga manjano katika karatasi ya gazeti. Alipomaliza aliinua mkono akaonyesha ukuta juu ya makopo ya chai. Palikuwa na picha ya Malkia, mpya, ya rangi.

"Hii hapa, nani?"

"Malkia."

"Kabla yake?"

"Baba yake."

"Kabla yake babu. Kabla ya hao wote, nilipokuwa mtoto, Kaisari wa Wadachi mwenye masharubu, hivi," akajichora masharubu kwa vidole viwili vya njano. "Kila mkubwa akiingia dukani anatazama ukuta kwanza, halafu ndiyo ananunua. Baba yangu alinunua msumari mmoja, Mwalimu. Mmoja tu. Bado ni ule ule." Akamkabidhi pakiti. "Wewe tatizo lako umempaka ukutani. Mtundike."

Tata alitoka nje akasimama juani. Nilidhani anaumwa.

"Miiba," alisema. "Ya mlimao."

Jumamosi nzima tulifanya kazi. Mae alikata vipande kumi kutoka pindo la lubugo, kila kimoja cha ukubwa wa kidole cha sanamu. Tulivipaka udongo pande zote, mimi nikaandika majina kwa masizi, safari hii masizi matupu, na Tata akavitundika kila kimoja juu ya kidole chake kwa mwiba wa mlimao. Nchi yetu ikaenda kidole kikubwa cha kulia. Wa ng'ambo wakaenda kushoto, mwishoni. Chini ya vipande maandishi yangu yalibaki kama yalivyokuwa. Kichwa cha sanamu kiling'aa na kunukia mchuzi. Nilipaka na kulia kidogo, na Mae, aliyekuwa akipita na mzigo wa nyasi za kutandaza sakafuni mwa kanisa, alipunguza mwendo.

Jumapili mulangira alikuja na kiti chake. Mjumbe alikiweka mbele, katikati, juu ya nyasi mbichi, na wanawake wakapiga magoti na wanaume wakapiga makofi ya salamu. Mae alikaa mlangoni ambako angeweza kutoka. Alikuwa amelishika pindo la gauni lake kwa mikono yote miwili.

Tata alifundisha. Alishuka kutoka kichwani kwa sauti ile ile ya miaka yote, wala hakuharakisha. Alipofika kwenye nyayo, mulangira aliinuka.

"Ngoja hapo, Mwalimu. Nione mwenyewe."

Alivaa miwani, akainama mbele ya mguu wa kulia. Alisoma kipande cha kidole kikubwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu, kama mtoto anayekuta kifuniko, akakiinua kwa kucha.

Tukasikia mbuzi wa nje akitafuna.

"Chini kuna wengine," alisema mulangira.

"Wapo, Waitu," Tata alijibu, akimwita kwa neno la heshima.

"Wale wa ng'ambo."

"Ni wao. Majina yaliandikwa kwa utomvu. Hayatoki. Nimefunika."

"Nani aliandika?"

Nilisimama. Tata alisema, "Binti yangu. Lakini brashi nilimpa mimi."

Mulangira alinitazama juu ya miwani. "Mwanamke ndiye aliyeniweka kidole cha mwisho?"

"Nilifuata ramani, Waitu," nilisema. "Kutoka kaskazini."

"Ramani," akasema, kama mtu anayetaja jina la jirani mlevi. Akakiachia kipande, kikarudi mahali pake. Alikuwa hajamaliza. Fimbo yake ya kutembelea ilipanda pembeni mwa lubugo mpaka kwenye mlima. "Na hili ni jiwe?"

"Ni jiwe, Waitu."

"Linakwenda wapi?"

Sasa, hili ndilo swali ambalo wiki nzima hakuna aliyethubutu kulitaja nyumbani kwetu. Jiwe tulikuwa tumeliacha pale pale lilipokuwa, likielekea pale pale. Nilimwona Mae akifumba macho. Tata angeweza kusema kwamba ni fumbo. Angeweza kusema linawapiga Warumi. Mimi, niliyemhubiria juu ya ujasiri siku tano zilizopita, nilikuwa nikiomba moyoni, kwa Kihaya na kwa Kiswahili, kwamba aseme uongo.

"Linapiga nyayo," Tata alisema.

"Nyayo zipi?"

"Zote mbili, Waitu."

"Kidole kidogo?"

"Kidogo na kikubwa. Kilichofunikwa na kilichofunika."

Mulangira alifikiri. Alifikiri kweli, midomo ikicheza, kama mtu anayechagua ng'ombe. Alirudi kwenye kiti chake akaketi, akaipanga kanzu juu ya magoti.

"Basi kama wote tunapigwa," alisema, "mimi nibaki kikubwa."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kuzuia kicheko. Mulangira akainua mkono kwa ukarimu. "Endelea, Mwalimu. Unafundisha vizuri. Kibanja chako kimetandazwa vizuri pia, nimeona nikipita. Kaa nacho."

Ndivyo kilivyopona. Mae alitoka nje kabla ya baraka, na tulipomfuata nyumbani tulimkuta kibanjani, amekaa chini kati ya migomba na gauni lake la kanisa, bila kujali utomvu. Alikuwa hafanyi kitu. Amekaa tu.

Mimi nilikuwa nikicheka na kulia. Nilimwambia Tata kwamba ameshinda, kwamba amesema kweli mbele ya mkubwa na hakuna kilichotokea.

"Hakuna kilichotokea," alisema.

Alikuwa amelikunja lubugo kwapani. Alilegeza kola, akasimama kwenye njia ya kuingilia, na sijawahi kumwona mtu amechoka hivyo, hata wale wanaobeba magunia gatini.

"Tangu ujana wangu nimeiogopa siku hii. Nilifundisha jiwe hili Wadachi wakiwapo, nikiangalia mlango. Nilifundisha Waingereza wakiwapo, nikiangalia mlango. Nilisema moyoni, siku mkubwa mmoja atasikia na kuelewa, nitafungwa, au yeye atatubu, moja kati ya mawili. Leo amekuja. Amekaa mbele. Amesikia yote." Alinitazama kama anayeniuliza mimi niliyesoma. "Akachagua kiti."

Riwaya zangu zote mbili ni majaribio ya kumjibu.

Hakuifundisha tena ile sanamu. Hakuitupa wala hakuilaani. Alisema tu kwamba watoto wa kipaimara wana mengi ya kujifunza kabla ya falme. Aliendelea kupiga ngoma, kuzika, kubatiza. Nilipopata shule nikahamia mjini, na barua zake zilikuwa juu ya mvua na kahawa.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani. Wenzangu wa Rwamishenye walikuwa wamenituma. Walikuwa wamesikia habari ya lubugo na walitaka kulitundika katika mkutano wao, wawaonyeshe watu jinsi falme zinavyoanguka, na mwisho wake waseme, sasa ni zamu yetu. Nilimwambia Tata. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba akimenya kahawa kwa meno, kama wazee wafanyavyo.

"Lichukue," alisema. "Mwulize Mae."

Mae alikuwa ameanika maharage juu yake. Babeli yote ilikuwa chini ya maharage; dhahabu ilikuwa imeisha kabisa, fedha imechanika. Vipande vya vidole vilikuwa vimeanguka siku nyingi, miiba mitatu tu imebaki. Lakini majina yangu yalikuwepo, yote kumi, meusi kama siku ile. Niliyasoma nimechuchumaa.

"Waingereza wamefika wapi?" Tata aliuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Wanaondoka, Tata. Kila mtu anasema hivyo."

"Na anayekuja ni nani?"

"Ni sisi."

Alitema ganda la kahawa. Nilingoja aseme neno, lolote, la nabii au la baba. Alinitazama mikono, kama siku ile aliponipa brashi.

"Mvua iko karibu," alisema. "Msaidie mama yako nyasi."

Sikulichukua lubugo. Niliwaambia wenzangu limeoza. Siku ile nilifunga kanga juu ya gauni langu la mjini, tukaenda na Mae mbugani, tukakata nyasi, tukarudi nazo kichwani mara tatu. Tulianza kutandaza upande wa kaburi la babu. Alinionyesha kwa kidevu mahali pa kuweka, kisha tulipofika kwenye migomba miwili ya katikati, ambayo haina tofauti na mingine, akapiga magoti na kunipokonya nyasi taratibu.

"Hapa niachie mimi," alisema. "Wewe endelea na ile ya ukingoni. Na nyasi usizibananishe sana na shina, zitaliozesha."